Kimya cha Seli: Mhadhara wa Kisumu Kuhusu Jinsi Seli Inavyojirekebisha Ugonjwa Ukiwa Njiani

Wahudumu wa afya ya jamii mliotoka Seme, Nyando, Muhoroni na Nyakach, wanafunzi wa uuguzi, na wenyeji wa mji mliokuja kusikiliza tu: hamjambo.

Naanza na neno mnalolisikia mkizunguka nyumba kwa nyumba. Mmempima mzee presha, mashine imesoma 170 kwa 104. Mmengoja kidogo, mmerudia, imesoma vilevile. Mzee anawatazama na kusema, "Lakini mimi sisikii chochote. Nalima, nakula, nalala." Hasemi uongo. Kweli hasikii chochote. Shida ni kwamba yeye anakichukua kimya hicho kuwa afya, na sisi wahudumu mara nyingi hatuna jibu ila kumtisha na kiharusi.

Jibu lipo, na liko ndani ya seli. Mtu anapokosa dalili, inawezekana seli zake ni nzima. Inawezekana pia seli zake zimejibadilisha kukabiliana na taabu, zimefaulu kwa muda, na ndiyo maana hakuna kinachouma. Hali hizi mbili ukizitazama kwa nje zinafanana kama mapacha. Kazi yangu leo ni kuwaonyesha zinavyotofautiana kwa ndani.

Tupite haraka kwenye seli yenyewe. Unywele wa kichwa una unene wa takriban maikromita 70, yaani sehemu 70 za milimita iliyogawanywa mara elfu. Seli nyingi za mwili zina upana wa maikromita 10 hadi 20, na chembe nyekundu ya damu ina 7 au 8. Robert Hooke alizichora seli mwaka 1665 baada ya kutazama kwa hadubini kipande cha gamba la mti unaotengenezewa vizibo, lakini alichoona ni kuta za seli zilizokwisha kufa. Ilichukua karibu karne mbili hadi Rudolf Virchow, mnamo 1858, aseme wazi kwamba ugonjwa utafutwe ndani ya seli, na kwamba kila seli hutokana na seli nyingine.

Sehemu za seli ni nyingi, ila leo nataka nne tu. Kuna kiini, ambamo maagizo ya urithi yamehifadhiwa. Kuna mitokondria, zinazochoma sukari na mafuta kwa oksijeni ili kutengeneza ATP, nishati inayotumika kwa kila kazi. Kuna mtandao laini, vijifereji vya utando ambavyo kwenye ini ndivyo karakana ya kuvunja sumu na dawa. Na kuna utando wa nje wenye pampu.

Hiyo pampu msiisahau. Kila inapozunguka hutoa ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) tatu za sodiamu nje na kuingiza mbili za potasiamu. Mtu akiwa amelala tu, pampu hizi zinakula takriban robo ya nishati ya mwili wake. Mbona gharama kubwa hivyo? Kwa sababu utando unavuja siku zote. Fikirieni mtumbwi wa mbao pale Dunga: ubao hauzibiki kabisa, kwa hiyo lazima pawe na mtu mmoja mwenye kopo anayetoa maji huku wengine wakivuta nyavu. Mwenye kopo akisinzia, mtumbwi hauzami papo hapo. Unalemewa na maji kwanza. Seli nayo ikikosa ATP, sodiamu inaingia, maji yanaifuata, na seli inavimba. Uvimbe huo ni alama ya kwanza kabisa ya seli kuumia, na hadi hapo bado inaweza kurudi salama.

Kabla ya kufika kwenye kuumia, seli ina namna zake za kujirekebisha. Vitabu hutaja nne: seli kunenepa, kuongezeka idadi, kusinyaa, na kugeuka aina. Majina ya kitaalamu ni haipatrofia, haipaplasia, atrofia na metaplasia. Mimi naongeza ya tano, ile ya ini kupanua karakana yake ya dawa, kwa sababu huku kwetu ndiyo inayotuletea mimba zisizotarajiwa na kupunguza nguvu ya ARV. Nitaifikia.

Turudi kwa yule mzee wa 170.

Chumba cha kushoto cha moyo ndicho kinachosukuma damu mwilini kote. Ukuta wake kwa mtu mzima una unene wa milimita 6 hadi 10 hivi. Presha ikipanda, kila pigo linasukuma dhidi ya mlango mzito zaidi. Seli za misuli ya moyo karibu hazigawanyiki kwa mtu mzima, kwa hiyo moyo hauwezi kuajiri wafanyakazi wapya. Waliopo wananenepeshwa. Seli inahisi kuvutwa, inatuma ujumbe hadi kwenye kiini, na kiini kinaamuru nyuzi zaidi za kujikaza zitengenezwe na kupangwa sambamba. Ukuta unafika milimita 12, 14, 16. Ukuta mnene unagawana mzigo, kila uzi unabeba kidogo, na pigo linatoka na nguvu ileile. Mzee analima. Mzee hasikii kitu.

Gharama yake sasa. Kwanza, seli zimenenepa lakini mishipa midogo inayozilisha haikuongezeka kwa kiwango hicho. Oksijeni inasafiri masafa marefu zaidi kufika katikati ya seli. Pili, ujumbe uleule ulionenepesha misuli unaziamsha seli za kutengeneza nyuzi za kovu, na ukuta unakuwa mgumu. Moyo mgumu unasukuma vizuri, shida yake ni kulegea na kujaa. Damu inarudi nyuma kwenye mapafu, na hapo ndipo mtu anapoanza kulala kwa mito mitatu. Tatu, kovu linakata njia za umeme wa moyo, na mapigo yanaanza kwenda ovyo. Mwishowe seli zilizochoka zinakufa mojamoja, ukuta unalegea, chumba kinapanuka. Moyo wa kawaida wa mtu mzima una uzito wa gramu 250 hadi 350. Mioyo ya namna hii hupita gramu 500.

Kwa hiyo mkisikia "sisikii chochote", jibu ni hili: mzee, husikii kwa sababu moyo wako umenenepa ili usisikie. Dawa hatukupi kwa ajili ya maumivu. Tunakupa ili tuupunguzie moyo mzigo kabla haujafika kwenye kovu.

Lakini msimbebeshe mtu ugonjwa asio nao kwa kupima vibaya. Aketi dakika tano bila mazungumzo, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kukunjwa. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja au mbili katikati. Ikiwa ni 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, mpeleke kituoni. Na aliyetoka kupanda kilima cha Riat kwa baiskeli apumzike kwanza.

Hapo huwa linazuka swali: wakimbiaji wa Iten nao mioyo yao imenenepa, mbona hawafi? Ni kweli imenenepa. Tofauti ni kwamba mzigo wa mkimbiaji unakuja na kuondoka; saa mbili za mazoezi, kisha moyo unapumzika. Chumba chake kinapanuka sambamba na ukuta, mishipa midogo inaongezeka pamoja na misuli, na kovu halijengeki kama la presha. Akiacha mazoezi kwa miezi kadhaa, moyo unapungua. Presha haina likizo, hata usingizini.

Na kwa kuwa tumefika Iten, tukae huko kidogo. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Iten ni takriban 2,400. Oksijeni inayopatikana katika pumzi moja kule ni kama robo tatu ya ile ya pwani. Seli zinajuaje? Ndani ya seli kuna protini iitwayo HIF inayotengenezwa muda wote na kubomolewa muda wote. Oksijeni ikiwa ya kutosha, kuna kimeng'enya, protini inayoharakisha kazi za kikemia, kinachoipiga muhuri, na iliyopigwa muhuri huvunjwa ndani ya dakika chache. Oksijeni ikipungua, muhuri haupigwi, HIF inabaki hai, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni kadhaa. Moja ya hizo, kwenye figo, ni ya homoni iitwayo EPO, inayouambia uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi. EPO hupanda ndani ya saa chache, ila damu yenyewe huchukua wiki tatu au nne kuongezeka vya kutosha kumfaa mkimbiaji. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kueleza mtambo huu. Hii ndiyo haipaplasia: idadi inaongezeka, na inaongezeka kwa amri.

Amri hiyohiyo huja kwa sababu nyingine kabisa huku kando ya ziwa: selimundu, ambapo chembe nyekundu hujikunja kama mundu. Mnajua ni ugonjwa wa kurithi, na mnajua kwamba aliyerithi jeni moja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo sababu jeni hii imeenea sana hapa kwetu. Aliyerithi mbili hana bahati hiyo. Malaria kwake ni hatari zaidi. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120. Ya selimundu huishi siku 10 hadi 20. Ili mtoto asiishiwe damu, uboho wake unafanya kazi mara nyingi zaidi ya wa mtoto mwingine, usiku na mchana. Unapanuka ndani ya mifupa, hata ile ya fuvu na taya, na sura ya mtoto inaweza kubadilika. Mama anaona mtoto ana himoglobini 7, yaani damu pungufu, lakini anacheza na wenzake. Amezoea. Uboho wake umejirekebisha.

Sasa tazameni hatari inavyojificha. Kuna kirusi kiitwacho parvo B19 ambacho kwa watoto wengi huleta homa ndogo na vipele. Kirusi hiki huziingia seli changa za chembe nyekundu katika uboho na kusimamisha uzalishaji kwa siku saba hadi kumi. Kwa mtoto ambaye chembe zake huishi siku 120, siku kumi bila uzalishaji ni kupoteza kama asilimia 8 ya damu. Hakuna atakayejua. Kwa mtoto ambaye chembe zake huishi siku 15, siku kumi ni thuluthi mbili. Himoglobini inatoka 7 hadi 3 na hakuna jeraha, hakuna damu iliyomwagika. Mkiona mtoto wa selimundu amepauka ghafla, anahema, ana usingizi usio wa kawaida, asingojee kliniki ya wiki ijayo. Anahitaji kuongezewa damu leo. Na folic acid mnayomhimiza mama ampe kila siku ni malighafi ya kutengeneza DNA ya chembe mpya. Kiwanda kinachokimbia kinamaliza malighafi upesi.

Kusinyaa hakutachukua muda. Kijana wa boda boda aliyevunjika mguu, plasta ikitolewa baada ya wiki sita au nane, paja limekuwa jembamba kama la mdogo wake. Seli hazikufa; zilivunja protini zao wenyewe kwa kukosa kazi, na mazoezi yatazirudisha. Familia iambiwe hivyo kabla ya plasta kutolewa, maana wengi hudhani mguu umerogwa au umeharibiwa.

Ila kuna kusinyaa kusikoonekana, na hiki ndicho kinachonikera: vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa vibandani bila maelezo. Baadhi huwa ni steroidi, kama deksamethasoni au prednisoloni. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza homoni ya kotisoli, ile inayoushikilia mwili siku ya homa, ajali au upasuaji. Ubongo ukiona steroidi imejaa kwenye damu, unaacha kuituma tezi, na tezi isiyotumwa inasinyaa. Mtu ananenepa uso, anafurahi. Baada ya miezi, pesa zinakwisha au duka linafungwa, anaacha ghafla. Tezi imelala na haiamki kwa siku moja. Huchukua wiki, pengine miezi. Akishikwa na malaria wakati huo, anatapika, presha inashuka, sukari inashuka, analegea hadi kuzimia, na anayempokea anafikiri ni malaria pekee. Ulizeni kuhusu vidonge hivyo. Na aliyepewa steroidi na daktari kwa zaidi ya wiki tatu asiache kwa ghafla. Hupunguzwa hatua kwa hatua.

Metaplasia sasa, seli kugeuka aina. Koo la hewa la mvutaji sigara huacha seli zenye vinyweleo vya kufagia makohozi na kuweka seli bapa zinazostahimili moshi. Ustahimilivu umepatikana, ufagio umepotea, kwa hiyo anakohoa kila asubuhi. Lakini mfano nitakaoukalia ni mlango wa kizazi, kwa sababu mnatumwa kuwahamasisha wanawake wakapimwe.

Ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi kuna safu moja tu ya seli ndefu laini zinazotoa ute. Nje kuna tabaka nyingi za seli bapa, imara kama ngozi ya ndani ya shavu. Msichana akibalehe, homoni huzisukuma zile laini zitokeze nje, mahali penye asidi. Hazipawezi. Seli za akiba zilizo chini yake zinazalisha seli bapa badala ya ndefu. Hii si saratani wala si ugonjwa; ni marekebisho ya kawaida kwa kila mwanamke. Eneo linalogeuka linaitwa eneo la mabadiliko, na tatizo lake ni kwamba seli zinazogawanyika haraka ziko karibu na uso. Kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa ngono, kinapita kwenye mikwaruzo midogo na kuzifikia. Aina za 16 na 18 pekee husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Kirusi kina protini mbili zinazoharibu breki za seli: moja inaiangamiza p53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli yenye DNA iliyoharibika, nyingine inaifunga Rb, ambayo huizuia seli isigawanyike bila amri.

Wengi huondoa HPV wenyewe. Isipoondoka, seli zinapoteza mpangilio, viini vinakuwa vikubwa na vyeusi: displasia. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, kutoka hapo hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye virusi vya Ukimwi asiyetibiwa, miaka 5 hadi 10. Muda wote huo hakuna kinachouma. Narudia kwa sababu ndiyo kiini cha mazungumzo yetu: miaka kumi na tano bila kuuma.

Kwa wale wauguzi watakaofanya kipimo cha asidi, yaani kupaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi na kutazama panapogeuka peupe, mambo yanayokiharibu ni madogomadogo. Asidi ya siki iwe asilimia 3 hadi 5. Ukitengeneza kutoka ile kali, ni mililita 5 za asidi ndani ya mililita 95 za maji safi, na chupa iandikwe, kwa maana ile kali isipochanganywa inaunguza vibaya sana. Chupa isiachwe wazi. Siki ikipoteza nguvu, doa haliji na utamwambia mgonjwa yuko salama. Paka kwa pamba, ngoja dakika moja nzima kwa saa, usikisie. Asidi hugandisha protini, na penye seli zenye viini vikubwa vilivyosongamana mwanga unarudi mweupe. Doa la kuhofiwa ni zito, lina kingo zilizokatika, na linagusa mpaka wa eneo la mabadiliko. Weupe hafifu ulioenea bila mpaka mara nyingi ni uvimbe wa kawaida au ile metaplasia changa. Mwanamke aliyekoma hedhi, eneo lake limerudi ndani ya mfereji usipoona. Kipimo hiki hakimfai, apimwe HPV. Doa linalofaa kutibiwa huchomwa kwa joto la nyuzi 100 kwa sekunde 20 hadi 30, au hugandishwa dakika tatu, likaachwa liyeyuke dakika tano, likagandishwa tatu tena. Kugandisha mara mbili kuna sababu yake: vipande vya barafu hupasua utando wa seli, na seli zilizonusurika mara ya kwanza zinamaliziwa mara ya pili.

Nimefika kwenye lile la tano. Seli ya ini ikiletewa kemikali fulani kila siku, inaongeza vimeng'enya vya kuivunja, na mtandao laini unaweza kupanuka ili uvibebe. Fenobabitoni ya kifafa hufanya hivyo. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya zaidi. Inachukua wiki moja hadi mbili karakana kufika upeo, na wiki kama mbili kurudi kawaida dawa ikishaachwa. Ini limefanya kazi nzuri, hakuna dalili yoyote. Lakini karakana haibagui. Inavunja pia homoni ya vijiti vya kupanga uzazi na vidonge vya uzazi wa mpango, na inavunja dolutegraviri ya ARV. Ndiyo sababu mtu mzima mwenye kifua kikuu anayetumia dolutegraviri hupewa miligramu 50 asubuhi na 50 jioni badala ya mara moja, na huendelea hivyo wiki mbili baada ya kumaliza rifampisini. Kile kidonge cha jioni si makosa ya mfamasia. Mama aliye kwenye rifampisini mwenye vijiti aongeze kondomu au azungumze na muuguzi kuhusu koili ya shaba, ambayo haina homoni ya kuvunjwa.

Chang'aa nayo ina njia yake. Pombe ya kawaida hujaza mafuta kwenye seli za ini; mtu akiacha kabisa, mafuta hayo huanza kuondoka ndani ya wiki chache. Iliyochanganywa methanoli, aina ya pombe yenye sumu, ni habari nyingine. Ini linaigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo inakifunga kimeng'enya cha mwisho kwenye mitokondria. Oksijeni ipo, mitokondria haiwezi kuitumia. Seli zenye njaa kubwa ya nishati zinazima kwanza, na neva ya jicho ni mojawapo. Ubaya ni kwamba asidi huchukua saa 12 hadi 24 kujikusanya. Mtu analala mlevi, anaamka akisema anaona ukungu. Si uchovu wa pombe ya jana. Ni hospitali sasa hivi, pamoja na wote waliokunywa chombo hichohicho, hata wanaosema hawasikii chochote.

Marekebisho yakishindwa, saa inaanza kuhesabu, na kila seli ina saa yake. Za ubongo bila damu zinaanza kufa baada ya dakika nne au tano. Za moyo, dakika 20 hadi 40. Misuli ya mguu inavumilia saa mbili hivi, kwa hiyo anayefungwa kamba ya kuzuia damu barabarani aandikiwe saa ya kufungwa kwenye paji la uso au kwenye kamba yenyewe. Seli ikipasuka, vilivyomo vinamwagika kwenye damu, na hivyo ndivyo maabara inavyovipima: troponini kutoka moyoni, ALT kutoka kwenye ini. Troponini huonekana baada ya saa tatu au nne, kwa hiyo kipimo kimoja cha mapema kikiwa safi hakimruhusu mgonjwa kwenda nyumbani, hurudiwa.

Dakika zimekwisha, na naona mikono miwili.

Dada kutoka Nyando anauliza kama moyo ulionenepa kwa presha unaweza kurudi. Unene wa seli, ndiyo, kwa sehemu kubwa, presha ikishuka na kubaki chini kwa miezi sita, mwaka, au zaidi. Kovu halirudi sana. Kwa hiyo aliyeanza dawa akiwa na milimita 12 na aliyeanza na 16 hawatafika mahali pamoja, hata wakimeza vidonge vilevile. Akiacha vidonge mwezi mmoja kwa sababu amepata nafuu, ujumbe wa kunenepa unaanza upya.

Na mwanafunzi pale nyuma: mtoto wa selimundu anaweza kusomea shule ya bweni Eldoret? Eldoret iko takriban mita 2,100. Wapo wanaoishi huko bila shida, lakini oksijeni kidogo, baridi na kukosa maji ya kunywa ni mambo yanayozifanya chembe zijikunje. Azungumze na kliniki yake kabla ya kufunga sanduku. Akienda, shule iwe na barua inayosema ana nini, abebe sweta na chupa ya maji hadi darasani, apate ruhusa ya kwenda msalani anapohitaji kwa sababu figo zake hazihifadhi maji kama za wenzake, na mwalimu wa zamu ajue kwamba homa ya nyuzi 38.5 kwake ni safari ya hospitali usiku huohuo.